Ufito, Waya na Wati Tano

Kilele cha Scafell Pike, mlima wa mita 978 unaoizidi kwa kimo milima yote ya Uingereza, ukiziweka kando Wales na Uskoti, hakina udongo wa kupigilia kigingi. Ni mawe matupu, makubwa kwa madogo, yaliyolaliana, na mwenye kutaka kusimamisha ufito wa antena hapo sharti aufunge kwa kamba kwenye jiwe lisilotikisika, kwani upepo utokao baharini hauna subira. Niliyajua hayo siku ya kwanza nilipopanda kutokea Wasdale Head, ufito wangu ukaanguka mara mbili, nami nikaimaliza saa nzima nimeubana kwa goti huku mkono mmoja ukiandika daftarini.

Kazi iliyonipeleka huko ni ya redio ya ridhaa, nayo ni mawasiliano ya watu waliotahiniwa ilimu ya umeme na mawimbi, wakapewa na serikali zao leseni pamoja na alama ya mwito isiyo na ya pili duniani, wakawa huzungumza wao kwa wao pasi na ujira wala biashara. Tarehe 2 Machi 2002 baadhi yao huko Uingereza na Wales walianzisha mpango uitwao Summits on the Air, ambao sasa umeenea nchi nyingi, na masharti yake ni machache lakini hayana mzaha: kituo kisiwe chini ya kilele kwa zaidi ya mita 25 za kimo, mwendo wa mwisho usiwe wa injini, vyombo vibebwe na mpandaji mwenyewe au wenzake, umeme utoke katika betri au jua, wala si katika jenereta la petroli, na avipate vituo vinne mbalimbali ndipo ahesabiwe pointi za mlima huo, ambazo kwa kadiri ya kimo chake huwa tangu 1 hata 10. Aliyetimiza pointi 1000 huitwa Mbuzi wa Mlimani, na cheo hicho nakistahi, maana aghalabu huchukua miaka.

Lakini kwa nini mlimani? Mawimbi ya megahetzi 145, ambayo urefu wake ni takriban mita 2, husafiri karibu sawa na mwanga: hunyooka, na ardhi ikijipinda huyaacha yakapita juu yake. Hesabu ya upeo wake ni nyepesi. Chukua kimo kwa mita, utafute kipeuo chake cha pili, uzidishe kwa 4.12, nawe utapata kilomita za upeo wa redio, ambao ni mpana kidogo kuliko upeo wa macho kwa sababu hewa huyainamisha mawimbi kuufuata mviringo wa dunia. Mtu wa ufukweni, antena yake ikiwa mita 2 juu ya maji, hafiki kilomita 6. Juu ya Scafell Pike zinakaribia 129. Na juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa mita zake 5895, zingekuwa 316, maadamu hakuna kilima kilichoziba njia. Na asikilizaye naye akiwa juu ya mlima wake, mapeo hayo mawili hujumlishwa.

Mawimbi marefu zaidi, kama yale ya megahetzi 14, hayautegemei mlima kwa jinsi hiyo, kwa kuwa hupanda hata tabaka za juu za anga zilizotiwa umeme na jua, yakarudishwa ardhini maelfu ya kilomita mbali. Hayo mlima huyapa tunu nyingine, nayo ni ukimya. Mjini kila chaja ya simu na kila taa ya kisasa hutoa mvumo wake, hata sauti dhaifu ikafa kabla ya kusikika. Kileleni mvumo huo hukoma, na mtu aliye bara jingine husikika kama aliye nyuma ya ukuta. Ndiyo maana wati 5 hutosha. Kipimo cha upokezi kimegawanywa kwa ngazi, na kila ngazi ni nguvu kuzidishwa kwa nne. Basi aliyeshuka kutoka wati 100 hata 5 amepoteza ngazi mbili na kitu tu, ilhali kwa kuukimbia mji mara nyingi amepata zaidi ya hizo katika kusikia.

Msafiri na aijue sheria kabla ya kufunga begi. Nchi nyingi za Ulaya zimefuata pendekezo la mwaka 1985 lijulikanalo kama T/R 61-01, ambalo humruhusu mgeni mwenye leseni ya nchi iliyolikubali kutumia redio kwa matembezi ya muda bila leseni mpya, ila atangulize herufi za nchi aliyomo: Uswisi hutanguliza HB9, kisha alama yake. Pasipo mapatano hayo ni lazima kuomba idhini, na Tanzania ombi hupelekwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, mapema, si siku ya kuwasili.

Kuna na adabu. Rundo la mawe lililo juu ya Scafell Pike ni kumbukumbu ya watu wa eneo lile waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza, kilele kilipotolewa wakfu mwaka 1919. Sioni haki kulifunga waya, wala kumtandazia mpita njia kamba za kumkwaza. Radi ikisikika, hata kwa mbali, ufito hushushwa hapo hapo, mazungumzo yakatwe yasikatwe, maana juu ya kilele hakuna kirefu kuliko wewe.

Na kwa kukunja, waya usiuzungushe mviringo. Uzungushe juu ya kibao kwa umbo la nane, ncha yake ukaifunge mwisho, ili kwenye mlima ufuatao, vidole vikiwa vimekufa ganzi, ufunguke kwa mvuto mmoja.