Maji Kabla ya Kiu: Siku Moja kwa Baiskeli kutoka Shinyanga hadi Kahama



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unatoka barabarani. Mwezi wa Septemba tuliondoka Shinyanga mjini watu watano, kila mmoja na baiskeli yake, kwenda kuwatembelea ndugu zetu wa Jimbo la Geita. Safari yote ilikuwa ya siku tatu. Tunawasimulia siku ya kwanza tu, ya kilomita zipatazo 100 hadi Kahama, kwa sababu ndiyo iliyotufundisha.

Kwetu baiskeli si jambo la kushangaza. Hubeba pamba, mkaa, madumu ya maji, hata mgonjwa. Pale Shinyanga mjini baiskeli za abiria huitwa daladala. Duniani wako wanaokwenda mbali zaidi: mwaka 2003 ilianza safari ya Tour d'Afrique, kutoka Cairo hadi Cape Town, karibu kilomita 12,000 kwa miezi minne hivi. Lakini mwili wa anayekwenda Cape Town na wa anayekwenda Kahama hudai mambo yaleyale: maji, chakula, kivuli na mapumziko.

Tuliamka saa kumi alfajiri. Tulikagua breki, mnyororo na upepo wa matairi. Tulirekebisha viti pia, kwa maana kiti kikiwa chini mno magoti huuma. Kanyagio likiwa chini kabisa, goti linatakiwa kubaki limekunjika kidogo tu. Tulifunga kwenye keria madumu ya maji, matobolwa, karanga, na pakiti chache za ORS, ile dawa ya unga tunayowakorogea watoto wanaoharisha. Kisha tukanywa uji wa mtama, tukasali, tukaondoka kabla ya jua.

Hatukuona kwamba mmoja wetu hakugusa uji. Alikuwa mwalimu wetu wa dini, katekista mwenye umri wa miaka 63, mtu wa kuheshimika ambaye baiskeli ameiendesha tangu ujana.

Asubuhi ilikuwa njema. Wanakijiji walitusalimia "Mwangaluka!" nasi tukaitikia. Tulipita Didia, tukafika Tinde, pale barabara inapogawanyika, moja ikielekea Nzega na nyingine Kahama. Tulipumzika, tukanywa maji, tukatafuna matobolwa. Mwalimu alisema atakula mbele.

Kati ya Tinde na Isaka jua lilikuwa kali na lami ikarudisha joto usoni. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi yalitupita kwa upepo mkubwa. Mwalimu alianza kubaki nyuma. Alisema kichwa kinamgonga, halafu misuli ya mguu ikamkaza. Mara tukaona baiskeli yake inayumba kuelekea katikati ya barabara. Lori lilipiga honi, likamkwepa kwa pembeni kidogo sana. Mwalimu alianguka ukingoni, akawa analalamika kizunguzungu na kichefuchefu.

Tulimbeba hadi kwenye ngitili iliyokuwa karibu. Ngitili ni ile hifadhi ya malisho na miti ambayo Wasukuma wameijua tangu zamani, na ambayo mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulisaidia kuirudisha katika nchi iliyokuwa imekuwa tupu. Siku ile tuliona faida yake. Tulimlaza kivulini, tukamwinua miguu, tukamlegeza nguo, tukamlowesha kichwa na shingo kwa maji huku tukimpepea. Bibi mmoja wa jirani alikuja mbio na mtungi. "Wajukuu zangu," alisema, "mzee huyu ana kiu ya tangu jana."

Bibi alikuwa amesema kweli. Mwalimu alipopata nguvu alitueleza kwamba tangu jioni hakuwa ameonja chakula wala maji. Alikuwa amefunga kwa ajili ya mjukuu wake aliyelazwa hospitali.

Kwa kuwa akili yake ilikuwa timamu na aliweza kumeza, tulimpa maji ya ORS kidogo kidogo. Hatukumruhusu kupanda baiskeli tena. Gari dogo lilimchukua pamoja na baiskeli yake, na mmoja wetu akafuatana naye. Sisi tulipita Isaka, kwenye bandari kavu, tukaingia Kahama magharibi. Tulimkuta amepimwa na muuguzi, anakunywa uji.

Jioni ile padre alizungumza naye kwa upole. Alimkumbusha kwamba sheria ya Kanisa ya kufunga haimbani aliyetimiza miaka 59 wala mgonjwa, na kwamba kunywa maji hakuvunji mfungo. Sadaka inaweza kuwa rozari, au kumtembelea mgonjwa. Mwalimu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe ningemwongezea mjukuu wangu msiba."

Mambo ya kukumbuka

1. Usingoje kiu. Katika jua, kunywa mafunda machache kila robo saa. Mkojo wa njano iliyokolea ni dalili kwamba maji hayatoshi. Lakini usijaze tumbo maji mengi kwa mara moja.

2. Ondoka alfajiri, pumzika kivulini kuanzia saa sita hadi saa tisa, vaa kofia.

3. Kama huna ORS, koroga katika lita moja ya maji safi vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa.

4. Aliyechanganyikiwa au kuzimia kwa joto asinyweshwe kitu. Mlaze kivulini kwa ubavu, mmwagie maji, mpepee, mpelekeni hospitali haraka. Hiyo ni hatari ya kifo.

5. Chunga maji unayokunywa. Tangu mwaka 2009 miji ya Shinyanga na Kahama hupata maji ya Ziwa Victoria yanayosafishwa Ihelele. Lakini kuelekea Geita kuna sehemu nyingi ambako wachimbaji wadogo huoshea dhahabu kwa zebaki. Usinywe maji ya vijito na madimbwi ya huko. Kuchemsha huua vijidudu, ila hakuondoi zebaki.

Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kinasimulia jinsi nabii Eliya alivyochoka njiani, akalala chini ya mretemu, na malaika akamletea mkate na maji kwa kuwa safari yake ilikuwa ndefu. Eliya alikula, akanywa, ndipo akaendelea. Nasi, kila tunapompeleka mzee au kijana safarini, tumuulize kwanza: umekula? Umebeba maji?