Minyororo ya tairi: bidhaa adimu kwenye tope la Karagwe

Mkungu wa ndizi ukishakatwa haungoji barabara ikauke. Kahawa ya maganda italala ghalani mpaka jua litoke, maharage yatakaa kwenye magunia kwa miezi, lakini ndizi za kupika zilizokatwa Nyaishozi zina siku chache tu za kufika sokoni Mwanza zikiwa bado kijani. Mvua nazo Kagera huja mara mbili kwa mwaka, Septemba hadi Desemba na tena Machi hadi Mei. Katika miezi hiyo nauli ya mzigo haipimwi kwa kilomita. Inapimwa kwa vilima vilivyopo njiani, na kwa hali ya tairi za gari litakalovipanda.

Lami ya Kyaka hadi Bugene imepunguza adha kubwa. Gari likishaigusa, dereva anaanza kuhesabu saa badala ya siku. Tabu imebaki kwenye vipande vya kutoka shambani mpaka kwenye lami, barabara za udongo na changarawe zilizo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi Julai 2017. Upande wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, hali ni hiyo hiyo: migongo ya vilima, mabonde yenye maji, na udongo mwekundu unaoteleza mvua ya dakika chache tu ikipita.

Msafirishaji hulipia tope hilo bila kuliandika popote. Kuna vibarua wa kusukuma. Kuna mafuta yanayoteketea gari likizungusha tairi mahali pamoja, na klachi inayoungua. Kuna kushusha nusu ya mzigo chini ya kilima, kuipandisha kichwani, kisha kupakia upya. Mwisho wa yote, mikungu inaanza kuiva garini na mnunuzi anakata bei. Gharama hizo zinarudi kwa mkulima, kwa sababu mchuuzi huzitoa kwenye bei ya shambani kabla hata injini haijawashwa. Minyororo ya tairi ingeondoa sehemu kubwa ya hasara hii, na inasikitisha kwamba mahali inapohitajika zaidi ndipo inapouzwa kwa kubahatisha.

Kinachotokea kwenye tairi ni rahisi kukieleza. Udongo wa mfinyanzi unajaza mifereji iliyo kati ya kashata, na baada ya mizunguko michache tairi mpya inakuwa kama kipara. Kuongeza mafuta hakusaidii, kunachimba shimo tu. Mnyororo unaokatisha juu ya tairi unazama kwenye tope mpaka ukutane na udongo mgumu ulio chini, na kwa kuwa unachezacheza, unalitikisa tope lisigande. Wazo hili limeanzia kwa madereva wenyewe. Harry Weed wa Canastota, jimbo la New York, aliyepata hataza ya minyororo ya tairi Agosti 1904, inaelezwa kuwa aliwaona wenye magari wakizungushia kamba na mizabibu kwenye tairi ili wapite kwenye tope na theluji. Waendesha bodaboda wanaofunga kamba au mnyororo mkuukuu kwenye gurudumu la nyuma wakati wa mvua wanafanya jambo lile lile. Kule Nyandarua nchini Kenya, kwenye viazi na maziwa, pikapu iliyofungwa minyororo haimshangazi mtu msimu wa mvua.

Tukija kwenye soko, kwanza tukumbuke kwamba nchi haina tena kiwanda chake cha tairi. General Tyre ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1969, ilisimamisha uzalishaji mwaka 2009, na tangu hapo tairi zinatoka nje. Zikishushwa Dar es Salaam zinasafiri zaidi ya kilomita 1,400 ndipo zifike Karagwe. Kwa hiyo tairi za mtumba zina wateja wengi, na hapo ndipo bidhaa za baridi ya wenzetu zinapoingia kwenye tope letu. Magari yaliyotumika Japani huja mara nyingine na tairi za theluji, zenye neno STUDLESS ubavuni au alama ya mlima wenye chembe ya theluji. Kashata zake ni nene na zimekatwa vimstari vingi vyembamba, mnunuzi anazipenda kwa macho. Lakini mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa ajili ya baridi. Kwenye lami ya moto unalika haraka, na vimstari vile havina nguvu ya kutema mfinyanzi. Soma pia namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliozeeka haurudishiwi ujana na kashata nene.

Minyororo nayo ina aina zake. Iliyotengenezwa kwa ajili ya theluji ya mjini ni myembamba, imesukwa kama wavu ili gari dogo liende bila mtikisiko mkubwa. Kwenye tope letu wavu huo unaziba. Kinachofaa ni mtindo wa ngazi: minyororo miwili ya pembeni, mmoja ndani ya gurudumu na mmoja nje, ikiunganishwa na vipande vinene vinavyokatisha juu ya tairi vikiwa vimeachana vya kutosha udongo upate pa kutokea. Vipande vyenye vijino vya chuma vilivyochomelewa juu yake vinang'ata zaidi, ila vinaichimba barabara zaidi pia, na barabara hiyo ni yetu.

Saizi haikadiriwi kwa macho. Land Cruiser hardtop nyingi zinavaa 7.50R16, na mnyororo wake hautakaa kwenye Noah yenye 195/65R15, yaani upana wa milimita 195, ubavu wenye urefu wa asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 15. Mnyororo uliolegea ni hatari kuliko kukosa mnyororo, kwani kipande kikikatika kinapiga paipu ya breki kila gurudumu linapozunguka. Kabla ya kununua, pitisha mkono kati ya tairi na shokabu, springi na madigadi. Kama vidole havina nafasi, mnyororo hautakuwa nayo.

Halafu kuna kosa la kufunga kwenye gurudumu lisilosukuma. Noah za zamani, zile zenye injini chini ya kiti, husukuma kwa nyuma, lakini zilizotoka baada ya 2001 nyingi husukuma kwa mbele. Madereva wawili wa Noah wanaweza kupeana ushauri wa dhati na mmoja akakwama. Kwa Fuso na Canter zenye tairi mbili mbili nyuma, kufunga tairi za nje pekee kunatosha kwa safari nyingi.

Ufungaji ufanyike pakavu, kabla ya kilima, maana utingo aliyelala topeni akitafuta kulabu ya ndani hataiona. Tandika mnyororo mbele ya gurudumu, ncha za vipande zielekee nje zisiguse mpira. Gari lisogee nusu mzunguko. Vuta ncha juu ya tairi, funga kulabu ya ndani kwanza, kisha ya nje, na pete zinazobaki pande zote mbili zilingane kwa idadi. Kaza kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, ikivuta kutoka katikati ya gurudumu. Upepo wa tairi uwe wa kawaida, kwani ukiupunguza baadaye mnyororo unalegea. Tembea mita mia hivi, simama, kaza tena. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayokata minyororo mingi. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa hata njia ikiwa nzuri, na ukifika kwenye lami, fungua. Lami inaumia, na pete zinasagika.

Mafundi wa kuchomelea wanaweza kuitengeneza minyororo hii, kazi nzuri kabisa kwa karakana za Omurushaka na Kayanga, mradi wasitumie mnyororo laini wa kufungia geti. Chuma kisicho kigumu kinanyooka na kukatika chini ya uzito wa lori. Vipande vya kukatisha huisha kwanza, kwa hiyo karakana inayouza vipande kimoja kimoja itakuwa na mteja anayerudi kila msimu.

Kwa mwenye duka la vipuri, hesabu ni ya kalenda. Mvua za kwanza zinaanza Septemba, na mzigo kutoka Dar es Salaam una safari yake, mbali na muda wa kuagiza nje. Oda itoke Juni au mapema Julai, kwa saizi tatu au nne zinazovaliwa na magari ya hapa. Wakati huo kahawa imeanza kuuzwa kwenye vyama vya msingi, na wenye magari wana fedha mkononi.