Je, Wajua? Njia ya Kuingia Gombe

Kituo cha utafiti wa sokwe cha Gombe hakifikiki kwa gari. Mtu wa kijiji cha Simbo hupanda gari hadi Kigoma mjini, akateremkia Kibirizi, na kutoka hapo ni boti tu ya Ziwa Tanganyika: kilomita 16 hivi kwenda kaskazini, milima ikiwa kulia. Mtafiti kutoka ng'ambo hupita maji hayo hayo, ila yeye huanza na karatasi. Anatakiwa kuwa na kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), idhini ya Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI) kwa kuwa anachunguza wanyamapori, na ruhusa ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) ya kuingia hifadhini.

Je, wajua kwamba mwaka 1960 sharti lilikuwa kuja na mwenzako? Wakoloni walikataa binti wa miaka 26 kukaa porini peke yake, ndipo mtafiti Mwingereza Jane Goodall akaja na mama yake, Vanne. Walikuta Kigoma imefurika Wabelgiji waliokimbia Kongo, iliyopata uhuru Juni 30. Ikabidi wasubiri, na wakati huo wakashika kazi ya kuwaandalia wakimbizi mikate. Gombe walishuka Julai 14. Binti alipokuwa akipanda milima kutafuta sokwe, mama alibaki kambini akiwagawia dawa wavuvi waliokuwa wakianika dagaa ufukweni. Naamini dawa zile ziliwajengea heshima kubwa kuliko barua yoyote ya serikali.

Ugonjwa nao ni mlinzi wa mlango. Mwaka 1966 maradhi ya polio yaliwapiga sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakapooza viungo. Ndiyo maana leo mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia, awe profesa au mtalii. Vituo vya Antaktika vina hofu kama hiyo: hadi Aprili 1994 mbwa wote waliokuwa wakivuta mizigo kwenye barafu walikuwa wameondolewa, wasije wakawaambukiza sili.

Lakini wanaostahili kutajwa zaidi ni wenyeji. Kituo kilianzishwa rasmi 1965, Gombe ikawa Hifadhi ya Taifa 1968, na wanafunzi wa kigeni wakaanza kumiminika. Mwaka 1969 mmoja wao, Mmarekani, alianguka gengeni akiwafuata sokwe peke yake, akafariki. Tangu hapo ikawa kanuni kwamba mgeni aongozane na msaidizi Mtanzania. Vijana wa vijiji vya kandokando ya ziwa waliochukuliwa ili kuonyesha njia wakawa wachunguzi kamili: walimjua kila sokwe kwa jina, mama yake na adui zake.

Januari 1974 Hilali Matama, mmoja wa wasaidizi hao, alishuhudia madume wa kundi la Kasakela wakimvamia Godi, dume wa kundi la Kahama, aliyekuwa akila peke yake. Walimkandamiza chini, wakampiga na kumng'ata, wakamwacha na majeraha. Hakuonekana tena. Hiyo ndiyo mara ya kwanza sokwe kuonekana wakimshambulia dume wa kundi jirani kwa ukali wa kuua, na aliyeliona tukio hilo ni Mtanzania.

Mwaka uliofuata mlango ulifungwa kabisa. Usiku wa Mei 19, 1975, watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, wakawateka vijana wanne wa kituoni, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja. Wote waliachiwa hai baada ya mazungumzo marefu, lakini watafiti wa kigeni waliondolewa, na hata Goodall hakuweza tena kukaa Gombe kwa uhuru kama zamani.

Kazi haikusimama. Asubuhi wasaidizi walienda kuwasubiri sokwe kwenye viota, wakawafuata hadi jioni, wakiandika nani yuko na nani, nani amekula nini, nani amepigana. Maelezo yao waliyaandika kwa Kiswahili. Kumbukumbu hizo baadaye zilipelekwa Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota na kisha Duke, ambako ilibidi zitafsiriwe kwanza ndipo wataalamu wa huko waweze kuzitumia.