Kwa Nini Pampu Huzimwa Wakati Mto Umejaa?

Masika mito ya Uluguru hufurika, ilhali bomba la nyumbani huweza kukauka. Sababu mojawapo huanzia kwenye kazi ya fundi mkuu wa mitambo ya maji.

Mto Ngerengere hulijaza Bwawa la Mindu, ambalo maji yake husafishwa Mafiga na kusambazwa mjini Morogoro. Mvua kubwa husomba udongo wa mashamba ya mlimani. Mchanga ukipenya hadi kwenye pampu, hukwangua mapanga yake na kula beringi. Fundi mkuu husikiliza mlio, hupima joto la mota na kusoma geji ya msukumo. Akibaini hatari, huizima pampu, kwani kukosa maji kwa saa chache ni afadhali kuliko mota kuungua. Baada ya matengenezo, valvu hufunguliwa polepole ili mabomba yasipasuke.

Mchanga huo hutoka mashambani mwetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Ndugu mwananchi, ukiutunza ukingo huo, unamsaidia fundi kulinda maji yako.