Tawi Linalokumbuka Lilikotoka

Msomaji wa Nkwenda, Kyerwa, ameniandikia. Alikata vijiti vya waridi langoni kwa dada yake Kayanga, akavichomeka ardhini, vyote vikashika na kusimama. Akajaribu mbuni. Tawi la pembeni lilitoa mizizi vizuri, ila huu mwaka wa pili mche unatambaa tu chini ya migomba. Amekosea wapi?

Amekosea tawi.

Habari za kivuli, mchanga na nailoni mabwana shamba wameshazifundisha. Mimi nina hamu na kinachotokea kwenye jeraha. Ncha ya chipukizi na majani machanga hutengeneza auksini, kichocheo cha ukuaji kinachoshuka seli hadi seli. Ni kama watu waliojipanga mteremkoni kupokezana mikungu ya ndizi hadi kwenye lori barabarani. Kila mmoja anamtazama wa chini yake na mikungu haipandi tena, kwa kuwa milango ya kutolea auksini iko upande wa chini wa seli. Ukikata tawi, umeondoa lori. Mikungu haiachi kuja. Inamlundikia yule wa mwisho mpaka akose pa kukanyaga. Hapo yeye na jirani zake, seli zilizo kati ya gome na mti, huacha kazi yao ya zamani na kuanza kugawanyika, na mizizi ikachomoza. Hata ukilichomeka tawi kichwa chini, mizizi hupendelea ncha ileile iliyokuwa chini mtini. Waliojipanga hawajageuka.

Kwa waridi inatosha hivyo. Mbuni una la ziada: shina huelekea juu, matawi yazaayo hulala, na kila kimoja hushikilia tabia yake hata kikikatwa. Tawi la pembeni likipata mizizi hubaki tawi la pembeni maisha yote. Ndiyo maana kwenye bustani mama mashina huinamishwa, yatoe maotea yaliyosimama wima. Hayo ndiyo hukatwa vikonyo.

Neno hilo, kikonyo, lilinikera. Kikonyo nikijuacho huning'iniza embe. Nikataka pingili, kama ya muwa, lakini pingili ni kati ya fundo na fundo, na hiki kimebeba fundo lenyewe: majani mawili yaliyopunguzwa nusu kwa mkasi, na kijiti kifupi chini yake. Nilipokishika kwa vidole viwili, nikakubali. Ni kikonyo.

Na kina thamani. Mbuni wa robusta haupokei chavua yake wenyewe, hivyo kila mbegu ni mchanganyiko mpya. Kikonyo ni mzazi yuleyule, pamoja na ukinzani wake dhidi ya mnyauko fuzari uliokausha mibuni Kagera. Kituo cha Maruku, Bukoba, cha taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, huzalisha miche kwa njia hii. Panda tu aina zaidi ya moja, zichavushane.

Basi, ndugu yangu wa Nkwenda, chagua mbuni unaoupenda kibanjani, uinamishe shina, ulifunge kwenye kigingi. Maotea yakija, yakate yangali ya kijani.