Mwalimu katika inchi ya wageni

Papa Pius XII, katika barua yake Fidei Donum ya tarehe 21 Aprili 1957, aliomba Kanisa lote litume mapadri kuisaidia Afrika. Leo Afrika nayo inatuma. Hata kwetu Kongo, mapadri na masista wengine wanaondoka kwenda kufundisha katika inchi nyingine. Wanaondoka na diploma na baraka ya Askofu. Lakini je, wanajua namna ya kukaa kule siku kwa siku? Nataka kueleza jambo hilo, nikianza na kosa langu mwenyewe.

Nilitumwa kufundisha Kifaransa katika seminari ndogo moja ya Tanzania. Nilitoka Kisangani bila hofu. Nilijisemea: Kiswahili ninakijua tangu utoto, nitakosa nini? Nikasema «masomo» nikitaka kusema nyumba ya shule. Wao walisikia mambo ya kujifunza darasani. Wakacheka. Kiisha nikashikwa na malaria, nikawaambia wanafunzi: «Leo ninaenda kwa munganga.» Kwetu munganga ni daktari wa hospitali. Kule, watu wengi wakisikia mganga wanafikiri kwanza mtu wa miti shamba na ramli. Jioni habari ilikwisha kufika kijijini: padri mgeni anaenda kupiga ramli! Nilikasirika, nikawapa wanafunzi wote adhabu ya kulima. Kosa la pili likapita la kwanza.

Kesho yake katekista mmoja mzee alikuja kwangu. Akaniambia: «Padre, unisamehe. Neno ulilokosea si kitu. Lakini umekuja kutufundisha, na bado hujaomba kufundishwa.» Akanionyesha kwamba kila asubuhi nilipita mbele ya wazee bila kusema «Shikamoo». Kwetu «Jambo, baba» inatosha. Kule, kijana asiyetoa Shikamoo anahesabiwa mwenye kiburi, na kanzu yangu haikunifanya mzee. Niliona haya. Niliingia darasani, nikawaomba wanafunzi radhi, nikamwomba mmoja wao anisahihishe kila siku. Tangu siku ile kazi ilianza kweli.

Basi, fundisho ni hili: inchi inayofanana na kwetu inatudanganya upesi. Baada ya uhuru wa mwaka 1960, Umoja wa Mataifa ulisaidia kuleta waalimu kutoka Haiti kufundisha Kongo. Walikuwa weusi kama sisi, walisema Kifaransa vizuri. Hata hivyo Kiswahili na Lingala hawakuzijua, wala desturi zetu. Rangi moja haikutosha kwao, na lugha moja haikunitosha mimi.

Imani inatuonyesha njia. Bwana wetu alikaa Nazareti karibu miaka thelathini kabla ya kuhubiri. Alijifunza lugha ya watu, kazi yao, chakula chao. Mwalimu wa walimu alikubali kwanza kuwa mwanafunzi. Na nabii Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliohamishwa Babeli wajenge nyumba, walime mashamba na kuuombea mji ule amani. Hakuwaambia wakae juu ya mizigo yao wakingoja kurudi.

Kwa hiyo, ndugu yangu utakayetumwa, shika mambo matatu. La kwanza: jifunze salamu kabla ya kutoa somo lolote. La pili: mezani, pokea unachopewa. Utatamani sombe na makemba, nami nilitamani sana. Lakini anayesema kila mara «kwetu, kwetu» anawachosha wenyeji wake. La tatu: usiache sala. Jioni ndiyo saa ngumu, wanafunzi wakiwa wamelala na wewe huna mtu wa kuongea naye. Nenda kanisani. Yesu wa tabernakulo ya kule ndiye yuleyule wa Kisangani.

Na sisi tunaobaki hapa, tusisahau. Padri Gabriel Grison, Mfaransa, aliyeanzisha misioni ya Mtakatifu Gabriel mwaka 1897 karibu na maporomoko yetu, alikuwa mgeni. Babu zetu walimfundisha mengi. Mwalimu mgeni akikosea kati yetu, tusimcheke nyuma ya mlango. Tumwendee kwa upole, sawa katekista yule alivyonijia mimi.