Mbunge Asema kwa Niaba ya Nani?

Liko swali ambalo wananchi huulizana kwa sauti ya chini, garini na vijiweni, nalo twaona lastahili kuulizwa hadharani. Mbunge asimamapo Dodoma na kutamka kwamba wananchi wa jimbo lake wataka jambo fulani, au walikataa, amejuaje? Je, wao wamemwambia, au yeye amewasemea?

Swali hili si gumu iwapo shauri lenyewe ni barabara, kisima au zahanati. Mwananchi wa Korogwe au Handeni ajua kama maji yatoka au hayatoki, wala hahitaji kamati ya kumweleza kiu yake. Lakini yako mashauri mengine yasiyoonekana kwa macho: nchi kuingia katika shirikisho, kutoka katika jumuiya, kutia sahihi mkataba wa biashara na mataifa ya ng'ambo. Hapo ndipo Mbunge huiona njia nyeupe, aseme apendavyo, kwa kudhani kwamba mkata mkonge wa bondeni na mchuma chai wa mlimani hawana neno. Sisi twasema neno wanalo, tena zito.

Tuanze na yale yaliyotupata wenyewe. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1967, ilivunjika. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa, ukakaa hivyo hadi mwaka 1983. Reli, bandari, posta na ndege zilizokuwa mali ya pamoja zikagawanywa. Shauri hilo lilikuwa la wakubwa wa serikali tatu, lakini maumivu yaliwafikia wafanyakazi. Reli ipitayo Korogwe kutoka Tanga kwenda Moshi ilikuwa chini ya shirika la Jumuiya, na wastaafu wa Jumuiya katika nchi hii walidai mafao yao kwa miaka mingi, wengine wakazikwa kabla ya kulipwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nani basi athubutu kusema kwamba kuunga na kuvunja jumuiya ni mambo ya wasomi peke yao?

Tutazame sasa kwa wenzetu wa Uingereza, ambao nchi nyingi zimeiga Bunge lao. Tarehe 23 Juni 2016 waliulizwa kama wataka kubaki katika Umoja wa Ulaya au kutoka. Asilimia 51.9 walisema watoke, asilimia 48.1 wakasema wabaki. Kabla ya kura hiyo wabunge wengi walikuwa wakitaka nchi ibaki. Siku moja tu ikafunua kwamba Bunge lilikuwa na wazo lake, na nchi ina wazo lake.

Na yako majimbo ambako mambo yalikuwa kinyume. Katika jimbo la Vauxhall, jijini London, Mbunge wa chama cha Labour, Bi. Kate Hoey, alipigania kutoka, hali zaidi ya robo tatu ya wapiga kura wa wilaya ya Lambeth, ambamo jimbo hilo limo, walitaka kubaki. Mwezi Juni 2017 wananchi hao hao wakamrudisha Bungeni kwa kura nyingi. Je, walikuwa wamegeuzwa mawazo? Hasha. Walikichagua chama chao na Mbunge wao wa siku nyingi, lakini juu ya Ulaya hawakukubaliana naye. Mwaka 2018 wanachama wa chama chake jimboni wakapiga kura ya kutokuwa na imani naye, na katika uchaguzi wa 2019 hakugombea tena. Fundisho ni hili: kura ya kumchagua mtu si muhuri wa kila atakalolinena baadaye.

Hapa kwetu jambo kama hilo limewahi kupimwa, na matokeo yake yawafaa wote wapendao kusema kwa niaba ya umma. Mwaka 2004 kamati iliyoongozwa na Bwana Amos Wako wa Kenya ilipendekeza safari ya kuelekea shirikisho la kisiasa la Afrika Mashariki iharakishwe. Viongozi wengi waliisifu. Serikali yetu, badala ya kuridhika na sifa hizo, iliunda kamati chini ya Profesa Samuel Wangwe, ikazunguka nchini kati ya mwaka 2006 na 2007 kuwauliza wananchi. Jibu likawa wazi: karibu robo tatu ya waliotoa maoni walikataa kuharakisha. Hawakuchukia udugu na majirani. Wengi waliona shirikisho ni jema likija kwa hatua. Walihofia ardhi yao na ajira zao. Mwezi Agosti 2007 wakuu wa nchi walipokutana Arusha, Tanzania ilisema wazi kwamba watu wake hawataki haraka, na haraka ikaachwa. Mkulima asiyepata kufika Arusha alibadili mwendo wa mataifa matano, kwa sababu tu aliulizwa.

Tulinganishe na lililotokea mwaka 2016. Nchi za Jumuiya yetu zilikuwa zimekwisha kupatana na Umoja wa Ulaya juu ya mkataba wa ubia wa kiuchumi, uitwao EPA. Mkataba huo ulitaka masoko yetu yafunguliwe hatua kwa hatua, katika muda wa miaka 25, kwa asilimia 82.6 ya bidhaa zitokazo Ulaya. Waingereza walipopiga kura ya kutoka, Serikali ya Tanzania ikasema mwezi Julai kwamba haitatia sahihi, na kutoka huko kwa Uingereza kukatajwa miongoni mwa sababu. Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliandika kuupinga mkataba. Mwezi Novemba Bunge liliujadili, na wabunge wa pande zote mbili wakaazimia usiridhiwe. Mwezi Februari 2017 Rais John Magufuli akaufananisha na ukoloni wa namna nyingine.

Sisi hatusemi kwamba azimio lile lilikuwa baya. Hoja zake zilikuwa na nguvu. Tanzania, kwa kuwa imo katika orodha ya nchi zenye maendeleo madogo, tayari ilikuwa ikiuza bidhaa zake Ulaya bila ushuru na bila mkataba huo. Mkonge wa Korogwe haukuhitaji EPA ili upokewe huko. Na kiwanda changa cha kamba au magunia, kikiachwa kishindane na viwanda vikongwe vya Ulaya bila kinga yoyote, hatujui kingesimama kwa miguu gani.

Lakini shauri hilo lilikuwa na upande wa pili, na upande huo umo mkoani Tanga. Kenya na Rwanda walitia sahihi mwezi Septemba 2016. Baadaye Kenya ikafanya mkataba wake na Uingereza, mwezi Desemba 2020, na mwingine na Umoja wa Ulaya, ambao ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Majirani wawili walio katika umoja mmoja wa forodha, mmoja akiwa na mapatano na Ulaya na mwingine hana, hawakosi kuchunguzana mpakani. Mpaka huo ni Horohoro, na machungwa ya Muheza na Handeni hutafuta wanunuzi Kenya kila msimu. Chai ya nchi hii nayo imeuzwa miaka mingi kwenye mnada wa Mombasa. Mnada wa Dar es Salaam ulifunguliwa mwaka 2023. Basi mkulima wa machungwa angeweza kuona jambo kwa jicho moja, na mfanyakazi wa mkonge kwa jicho jingine, nao wote ni wananchi wa mkoa mmoja. Mbunge asemaye kwamba "wananchi walikataa" yampasa aeleze ni wananchi gani, na walikataa katika mkutano gani.

Twende hadi Lutindi, katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe. Mahali hapo pana hospitali ya wagonjwa wa akili ijulikanayo sana, ambayo mwanzo wake, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ulikuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mtumwa ni mtu anayesemewa na mwingine katika kila jambo. Wajukuu wa milima hiyo sasa ni raia wenye kura, na haifai kauli yao iazimwe bila wao kujua. Tena ukumbukwe mwaka 2018, ulipofanyika uchaguzi mdogo katika jimbo la Korogwe Vijijini baada ya kufariki Mbunge wake, Bwana Stephen Ngonyani. Mgombea wa CCM alipita bila kupingwa. Hayo yalifuata taratibu za uchaguzi, wala hatumlaumu aliyepita. Lakini mahali ambapo hata karatasi ya kura haikutumbukizwa sandukuni, Mbunge ana deni kubwa zaidi la kuuliza, kwa maana hana hesabu yoyote ya kumwonyesha nani yu pamoja naye.

Wako watakaotujibu kwamba Mbunge si kasuku. Hutumwa Bungeni kwa sababu ya akili yake, asome makaratasi ambayo mkulima hana nafasi ya kuyasoma, kisha aamue. Maneno hayo ni kweli, nasi twayakubali. Aweza hata kupingana na jimbo lake, akiona kwamba jimbo limepotoka, na huo ni ushujaa. Lakini hawezi kupingana na watu ambao hakuwasikiliza, wala hawezi kujidai kukubaliana nao. Ushujaa ni kusema, "Niliwauliza, nikasikia, nami naona vingine kwa sababu hizi." Kusema "wananchi wangu wataka" bila kuwauliza ni kutumia jina la mtu bila ruhusa yake.

Katiba yetu, katika ibara ya 8, yasema kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na katika ibara ya 63 yalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Ibara hizi mbili zasomwa pamoja. Wala hatuhitaji kuunda chombo kipya. Mkutano mkuu wa kijiji upo kwa sheria, na kila mtu mzima wa kijiji ni mjumbe wake. Kamati ya maendeleo ya kata ipo. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani la wilaya yake. Matawi ya chama yapo, na vyama vya wafanyakazi vipo mashambani. Linalokosekana ni desturi.

Twataka basi desturi hiyo ianze. Kabla ya mkataba mkubwa kufika Bungeni, Mbunge aueleze jimboni kwa Kiswahili chepesi, faida na hasara zake. Maoni yaandikwe katika kumbukumbu za mikutano, ya wanaokubali na ya wanaokataa. Bungeni, mashauri ya namna hii yapigiwe kura kwa majina na si kwa sauti za ndiyo na siyo, ili kila jimbo lijue mtu wake alisimama wapi. Kisha arudi aeleze. Na nanyi wanachama na wafanyakazi, msingoje kuitwa: ulizeni matawini, ulizeni mashambani.

Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina wanachama wanane, na tangu mwaka 2017 wakuu wake walikubaliana kupitia shirikisho la mpito kabla ya lile kamili. Swali hili litarudi. Litakaporudi, Mbunge wa Korogwe na mwenzake wa Handeni wafike Dodoma na kumbukumbu za mikutano mkononi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na ngama ya Mbunge ni wale waliomtuma.